Saba, Tisa

Naanza na kosa langu. Ukisikia la mwisho kabla ya la kwanza utanionea huruma, na huruma hiyo siistahili.

Mimi ndiye niliyesema Minani ni mchawi.

Sikumwona akifanya lolote. Nilisema tu.

Naitwa Shafii, mtu wa hapa Rumonge, kando ya ziwa, nyumbani kwangu si mbali na msikiti. Shule niliiacha mwaka wa sita. Kazi yangu ilikuwa kukamua mawese kwenye kinu cha mzee Pontiani, njia ya kwenda Minago. Kinu chenyewe ni cha mikono. Kuna bamba la chuma chini na bamba la chuma juu, katikati linawekwa gunia la matunda ya mchikichi yaliyochemshwa. Bamba la juu limeshikwa na skrubu nene kama paja, na juu ya skrubu kuna gogo refu. Watu tisa tunalisukuma gogo tukizunguka, bamba linashuka, mafuta yanatiririka mekundu. Kila gunia mizunguko tisa. Tunaihesabu kwa sauti, wote pamoja, ili miguu iende sawa. Moja... mbili... tatu...

Kila mtu alikuwa na namba. Wa Kwanza alikuwa Radjabu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na yeye ndiye aliyeanzisha hesabu. Mimi nilikuwa wa Tisa, wa mwisho. Kila mtu alikuwa na bidoni yake, dumu la njano la mafuta, namba imeandikwa kwa rangi nyekundu, maana tulilipwa kwa mafuta. Bidoni zilipangwa kwenye ubao kando ya ukuta, kuanzia moja mpaka tisa.

Wa Nane alikuwa Minani. Hakukubali namba nyingine. Kwa Warundi mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda. "Mama alikwisha kunihesabu," alikuwa anasema akicheka. "Nyinyi munataka kunihesabu upya, munajua kumushinda?"

Siku moja ya Machi Pontiani aliniambia nitengeneze mawe ya jiko, kwa sababu pipa la kuchemshia lilikuwa linayumba. Nilisema ndiyo, patroni. Nikaenda kuangalia mpira kwenye simu ya mtu.

Pipa likaanguka likiwa linatokota. Binti wa Pontiani alikuwa anacheza pale, miaka mitano. Ngozi yake siielezi. Alifariki kabla ya adhuhuri.

"Nani aligusa jiko?" Pontiani akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Wote wakaniangalia, kwa sababu jiko lilikuwa langu.

Nikasema, "Nilimwona Minani alfajiri. Alikuwa anazunguka pipa kinyumenyume. Hana nguo."

Minani hakuniita mwongo. Alisema neno moja tu.

"Shafii?"

Walimpiga kwa kuni mpaka kuni zikavunjika. Hakukubali. Pontiani akasema, "Kinu kitamusemesha." Wakamlaza chali kwenye bamba la chini, mahali pa gunia. Tukashika gogo. Tulikuwa tumebaki watu wanane, na mimi nilikuwa nyuma, na mimi nilisukuma. Kila mzunguko Pontiani aliuliza, "Unakubali?" Kwenye wa tatu chuma kiligusa kifua. Kwenye wa tano mbavu zililia kama kuni mbichi kwenye moto. Kwenye wa sita damu ilishuka kwenye mfereji ule ule wa mafuta, na rangi ni moja, huwezi kutenganisha. Kwenye wa saba alikuwa bado anasema kitu. Kwenye wa nane alinyamaza.

Wa tisa hakuna aliyeusukuma.

Tulimfukia nyuma ya kinu, chini ya rundo la makapi, pamoja na bidoni yake. Kisha Pontiani akamimina mafuta kwenye kiganja chake na sisi tukayalamba mmoja mmoja. "Kuanzia leo hapa hakuna namba hiyo," akasema. "Hakuna mutu huyo, hakuna mzunguko huo. Atakayeitamka, na yeye atalala hapo." Mimi Mwislamu nikaapa kwa mafuta. Astaghfirullah.

Kesho yake tulisukuma tukihesabu. Tano... sita... saba... tisa. Siku ya kwanza ulimi ulijikwaa. Siku ya tatu ulikuwa umezoea.

Mama yake, Vestine, mkulima, alikuja kila Ijumaa. Tulimwambia mtoto wake amevuka ziwa, ameenda Kongo kutafuta maisha. Alikaa nje kwenye jiwe. Ijumaa moja akaniita.

"Shafii mwanangu, amahoro."

"Amahoro, mama."

"Zamani mizunguko yenu ilikuwa tisa. Sasa iko munane. Niko nasikiliza miguu, si mudomo."

Niliangalia ziwa.

Siku ya arobaini, jua likizama, Hadjara mke wangu alinituma. "Baba Jamila, mafuta imeisha, maharage iko motoni. Enda ujaze chupa kwenye bidoni yako. Na usisimame njiani kupiga domo na Nestori."

Nestori alikuwa wa Saba. Rafiki yangu.

Kinuni hapakuwa na mtu. Moto ulikuwa umekufa. Lakini kulikuwa na harufu... mawese mabichi, na chini yake harufu nyingine, kama buchari jioni. Nikaingia. Nikanyoosha mkono kuchukua bidoni yangu ya mwisho kulia.

Ya mwisho kulia haikuwa yangu.

Zilikuwa zimepangwa upya. Nikasoma kutoka kushoto: 2 4 6 9 1 3 5 8.

Nane.

Bidoni niliyoifukia kwa mikono yangu. Ilikuwa na udongo mbichi na makapi, na ilikuwa inavuja polepole. Tone... tone... Bidoni ya saba haikuwapo.

Nikajiambia kuna mtu anatuchezea. Nikaokota mkaa, nikaandika namba hiyo kwenye mkono ili niwaulize wenzangu kesho. Kisha nikakimbia. Chupa niliiacha.

Hadjara anafundisha mwaka wa tano. Alikasirika kuhusu mafuta, halafu akauona mkono wangu.

"Leo umekuwa mwalimu wa hesabu? Nani amekupa hii?"

"Nimeiona mahali."

"Nusu yake naijua." Akavuta kaye, daftari lake la shule, akagawa kwa mbili. "Ona. 12345679. Namba inayokosa nane. Watoto wangu wanaipenda kuliko kucheza. Chagua namba moja, kati ya moja na tisa."

Nikaanza kuufuta mkaa kwa kiganja.

"Basi nakuchagulia. Wewe si wa Tisa? Tisa mara tisa, themanini na moja. Tunaizidisha nayo." Kalamu yake ikakimbia. "Haya! 999999999. Tisa tupu. Ungechagua tatu, ingekuwa mara ishirini na saba, ungeona tatu tupu. Namba hii iko kama mutumishi, unaita unachotaka, inakuletea."

Nikamwomba aache. Akacheka.

"Ngoja, ina tabia nyingine. Yenyewe inakosa nane. Ukiizidisha mara mbili, ndiyo hii ya mkono wako, saba haimo. Mara tatu na mara sita inarudia tarakimu tatu tu, lakini hata hapo zamu haivunjiki: mara tatu sita haimo, mara sita tatu haimo. Mara nne, tano haimo. Inaenda hivyo hivyo, kila mara inaacha mmoja, mpaka mara nane. Hapo anayekosekana ni moja."

Akafunga kaye. "Nenda unawe, tule maharage bila mafuta, kama wafungwa."

Asubuhi Nestori alipanda mchikichi kukata vichala. Walimkuta ananing'inia kichwa chini kwa kamba yake mwenyewe. Panga lilikuwa bado liko mkononi mwake. Kidonda hakikuwapo hata kimoja. Lakini kifua chake kilikuwa bapa, kama gunia lililokamuliwa, na alipofunguliwa mdomo yalitoka mafuta mekundu, mengi, ya kujaza bidoni.

Jioni hiyo nilirudi kinuni. Bidoni zilikuwa zimeandikwa upya, rangi haijakauka: 3 7 0 3 7 0 3 7. Nilipeleka kidole kwenye sifuri. Ilikuwa ya moto.

Mara tatu. Sita haimo.

Wa Sita alikuwa Hubert, mtu mkubwa, mcheshi, mwenye utani na kila mtu. Nilimkuta nyumbani kwake anakula. Nikamwambia, "Hubert, kesho usije kazini."

"Umeshakuwa patroni wewe? Utanilisha ugali?"

"Nakuomba."

"Shafii, tangu ile siku uko unatembea kama kuku aliyemwagiwa maji. Enda ulale."

Ningemwambia ukweli angekaa. Sikumwambia, kwa sababu ukweli ulianza na jiko langu. Kesho yake saa nne pipa lilikuwa linatokota. Hubert alisimama mbali nalo, hatua tano. Niliona mimi. Akavutwa kwa kiuno. Akaingia kichwa kwanza. Miguu yake ilipiga ukingo wa pipa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu mapigo. Saba. Halafu hayakuendelea.

Siku ya tatu: 4 9 3 8 2 7 1 6. Tano haimo. Wa Tano alikuwa ameshatoroka, yuko Kabezi kwa dada yake. Walimleta kwa basi ndogo, wamemfunga kwenye mkeka. Dada yake alisema alikuwa anakula ndagala, dagaa wa ziwani, mezani, mara wakasikia kama mti unavunjika, na ulikuwa kifuani mwake.

Siku ya nne: 6 1 7 2 8 3 9 5. Nne haimo. Wa Nne alikuwa Melkiades, aliyerudi kutoka kambi za Tanzania na Biblia tatu. Alijifungia kanisani. Asubuhi wakavunja mlango. Biblia zilikuwa zima. Yeye alikuwa amekandamizwa katikati ya benchi mbili, na benchi zilikuwa zimesogezwa zikakaribiana mpaka upana wa kiganja.

Jioni Hadjara alikuja na kaye, akaiweka mbele yangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameandika namba zote, chini yake majina.

"Nestori saba. Hubert sita. Kisha tano, kisha Melkiades. Baba Jamila... nane ni nani?"

"Minani. Alienda Kongo."

"Shafii."

Hakuwahi kuniita hivyo tangu tuzae.

"Kaka yangu ni moja," akasema. "Tumebakiza tatu na mbili, halafu ni yeye. Nimetembea na hesabu hii kutwa nzima, nikaisahihisha kama ya mutoto, ili nipate kosa. Kosa halimo. Kama unajua kitu, sema leo."

"Sijui kitu."

Hilo ndilo kosa langu la pili, na mbele ya Mungu naliona kubwa kuliko la kwanza. Niliangalia kaye nikawaza: bado wapo wawili mbele ya Radjabu. Muda upo. Nilihesabu roho za watu kama mtu anayehesabu siku za Ramadhani zilizobaki.

Muda haukuwapo. Asubuhi bidoni zilisema 7 4 0 7 4 0 7 4. Saa sita mchana, bila mtu kuzigusa, zilisema 8 6 4 1 9 7 5 3. Tatu haimo. Mbili haimo. Wa Pili na wa Tatu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walisimama kati ya michikichi wakaanza kushutumiana, wewe ndiye ulimpiga kwanza, hapana wewe, mara mapanga yakatoka. Tulipofika mmoja alikuwa amekatwa shingo mpaka mfupa, mwingine alikuwa amekaa ameshika matumbo yake mapajani kama mtu aliyebeba nguo za kufua. Aliniangalia. Akasema, "Yule wa nyuma ya kinu, ahesabiwe." Akafa amekaa.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilimwambia Hadjara yote. Jiko, mpira, uongo, gogo, kiapo. Hakunipiga. Alichukua ushungi wake, akaenda kumvuta Radjabu kwa mkono.

Radjabu alikataa. "Dada, mume wako amechanganyikiwa. Mutu mzima nifungiwe chumbani kama mbuzi wa Idi?"

"Ingia," Hadjara akasema. "Ingia au nitakulaani."

Akaingia. Hadjara akafunga kufuli, akaketi mlangoni na Kurani mapajani. Bila kuniangalia akasema, "Enda kwa mama yake."

Vestine alikuwa anamenya mihogo. Nilipiga magoti kwenye maganda. Nilisema yote mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Alimaliza muhogo aliokuwa nao. Akafuta kisu.

"Nilizaa watoto tisa," akasema. "Kila jioni nawaita kwa mupango. Nyandwi, Minani, Nyabenda. Kila siku anajibu. Siku ile hakujibu. Unafikiri nilikuja Ijumaa zote hizo kutafuta nini? Nilikuja mumuhesabu. Basi tu."

"Tufanye nini, mama?"

"Wewe ndiye ulimutoa. Wewe umurudishe. Chukua jembe."

Tulifika kinuni jua linagusa milima ya Kongo. Nilichimba chini ya makapi. Nilichimba mpaka kifuani. Shimo lilikuwa tupu. Palikuwa na umbo tu la mtu kwenye udongo, limejaa mafuta mpaka juu, yametulia, na ndani yake niliona uso wangu.

Hapo nikasikia.

Kriii... kriii...

Gogo.

Tukazunguka ukuta. Bidoni kwenye ubao zilikuwa 9 8 7 6 5 4 3 2. Kwenye bamba la chini, mahali pa gunia, alilala Radjabu, chali, miguu imenyooka. Macho yake wazi. Baadaye Hadjara aliniambia hakuondoka mlangoni hata kidogo. Alisikia tu kaka yake ndani anamjibu mtu, "Ndiyo, nakuja, niko nakuja," kisha kimya. Kufuli halikuguswa.

Nilimshika mguu nimvute. Ilikuwa kama kuvuta mzizi wa mchikichi.

Gogo lilikuwa linazunguka. Mtu hakuna. Lakini kwenye tope la mafuta nyayo zilikuwa zinajichapa, moja baada ya nyingine, nyayo za watu wengi, za miguu mitupu.

"Shemeji," Radjabu akanong'ona. "Shemeji, usiniache."

"Hesabu!" Vestine akapiga kelele. "Hesabu kwa mudomo wako! Uki­mutaja anasimama!"

Nikahesabu.

"Moja!"

Bamba likashuka.

"Mbili! Tatu!"

Chuma kikagusa shati lake.

"Nne! Tano!"

Mbavu zikalia. Sauti ile ile. Radjabu alifungua mdomo, haikutoka pumzi.

"Sita!"

Mafuta yakaanza kushuka kwenye mfereji. Nilijua si mafuta.

"Saba!"

Neno moja tu lilikuwa limebaki. Mtoto wa miaka mitatu analijua. Nilijaza kifua. Nilifungua kinywa. Nilimwona Hadjara akilini, na kaye yake. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote...

"Tisa!"

Wallahi sikukusudia. Wallahi. Ulimi uliruka wenyewe, kama ulivyoruka kila gunia, kila siku, siku arobaini na zaidi.

Bamba lilishuka mizunguko miwili kwa pamoja.

Alichofanya Radjabu mwishoni sitakiandika. Kuta za kinu bado zina alama yake.

Vestine, taratibu, kama anayemwita mtu aje ale, akasema, "Nane."

Gogo likasimama.

Hadjara alifika anakimbia, kichwa wazi. Hakutazama kinu kwanza. Alitazama ubao, kwa sababu yeye ni mtu wa namba. Bidoni zilikuwa tisa, zimejaa, zote zimeandikwa namba moja. 1 1 1 1 1 1 1 1 1. Mara tisa kaka yake.

Hakulia pale. Aliniuliza tu, "Ulisema nini?"

Nikamwambia.

Nilijipeleka polisi. Walichimba, hawakupata mwili wa Minani. Vifo vingine kila kimoja kilikuwa na maelezo: kamba, pipa, mapanga, skrubu mbovu. Waliniweka wiki tatu wakanifukuza, wakisema kichaa hafungwi. Pontiani hakuwa na namba, hakuguswa. Nasikia amefungua kinu kingine huko mbali, cha mota. Namwachia Mungu, ingawa mara nyingine nashindwa kumwachia.

Hadjara alimchukua mtoto wetu Jamila wakaenda Bugarama kwa shangazi yake. Aliniachia kaye mezani, ukurasa umefunguliwa. Aliandika mstari mmoja kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia: Wewe ni tisa. Yeye ni nane. Zidisha, halafu zidisha ile namba.

Tisa mara nane ni sabini na mbili. Mimi mara yeye. Elimu yangu ni ndogo, ilinichukua tangu swala ya alfajiri mpaka alasiri, nikafuta, nikaanza tena. 12345679 mara 72.

888888888.

Nane tupu. Namba isiyokuwa naye ndani, ukiizidisha kwa mimi na yeye, inamleta mara tisa.

Kinu kimefungwa sasa, majani yameota. Lakini kila jioni, adhana ya magharibi ikiisha, nakisikia mpaka nyumbani kwangu. Kriii... kriii... Mara moja nilienda. Watu tisa walikuwa wanasukuma gogo, wamenipa mgongo. Hakuna gunia katikati. Walifika mzunguko wa saba, wakasimama. Wakageuka wote.

Wote walikuwa Minani.

Walikuwa wananingoja niseme. Hawakuwa na hasira. Ndilo jambo linaloninyima usingizi, hawakuwa na hasira hata kidogo. Wa mbele akasema kama siku ile, "Shafii?"

Nikafungua kinywa. Ikatoka tisa. Bamba likashuka kidogo.

Neno lile, kuandika naliandika, unaliona. Kulitamka ndiyo siwezi. Nikivuta uradi kwa tasbihi, kidole kinaruka punje ile. Imamu amenisomea. Vestine, ambaye bado ananipa mihogo, sijui kwa moyo gani, ananifundisha kila Ijumaa kama mtoto. Tunafika saba, ananitazama mdomoni, na mimi naruka, na yeye anafumba macho.

Yeye ndiye aliyeniambia nikuombe. Anasema mwanawe alitolewa na vinywa tisa, vinane vya gogo na kimoja cha Pontiani, basi atatulia akirudishwa na vinywa tisa, vya watu wasiomdhuru. Nimeanza kuomba watu. Hakuna niliyemlazimisha. Mpaka leo wamekubali saba.

Kwa hiyo ndugu yangu, unayesoma. Sikuombi pesa wala dua. Ukimaliza mstari huu, hesabu kwa sauti, taratibu, moja mpaka tisa. Tafadhali usiruke.